Usizanie, Pima: Kumuchunga Bibi Wakati wa Dawa za Shimio

Neno la ndugu mumoja wa chama chetu, mushonaji wa Katuba, mbele ya mukutano wa mwezi wa Oktoba. Aliomba jina lake na la bibi yake yasiandikwe. Tumeacha maneno yake sawa vile alivyoyasema. Tumepunguza tu pahali alipokuwa akirudilia.



Mwenyekiti aliponiomba niseme juu ya ugonjwa wa bibi yangu, nilimujibu kama mimi si munganga. Akaniambia: "Banganga tutabaalika siku ingine. Weye tuambie ile ulifanya ku nyumba." Basi nitasema ile. Bibi yangu ameketi pale, mustari wa tatu, na kitambaa cha manjano. Nilimuomba ruhusa. Alinipa, lakini alisema atanisahihisha nikidanganya.

Wengi wenu munatujua tangu kambi ya Kala, kule Zambia. Tulikimbia vita vya Pweto na mutoto mumoja mugongoni, tukarudi mwaka 2008 na batoto watatu na mashini moja ya kushona. Kushona nilijifunza kule kambini. Mwalimu wangu alikuwa na neno moja: pima mara mbili, kata mara moja. Neno lile nimelitumikisha miaka mingi kwa vitambaa vya watu. Kwa mwili wa bibi yangu nililisahau, na ilibakia kidogo nimupoteze. Njo sababu niko hapa.

Kivimbe kilianzia kwa titi la kushoto. Hakikuuma. Kwa sababu hakikuuma, alikaa miezi mingi bila kuniambia, na mimi nilipojua nilisema ni jipu, litaiva litapasuka. Hatukwenda haraka. Kosa hilo ni letu sisi wawili. Ba mama, si kila kivimbe ni kanseri. Vingi si kanseri. Lakini ni munganga anayejua, kwa kukata kipande kidogo cha nyama na kukiangalia kwa mashini. Mukono wa bwana haujue, hata mukono wa jirani haujue.

Walimupasua mwezi wa Agosti mwaka uliopita. Kisha munganga akatuita sisi wawili, akaeleza shimio: mara 6, kila mara kisha siku 21. Mwezi wa Septemba tukaanza.

Wacha nieleze shimio namna nilivyoielewa, kwa maana watu wa mutaa wetu walisema ni sumu, ni moto, ni dawa ya kumalizia mutu. Kanseri ni chembe za mwili zenye kuzaana bila kusimama. Dawa ya shimio inapiga chembe zenye kuzaana haraka. Shida ni kwamba mwili una chembe zingine nzuri zenye kuzaana haraka vilevile: za nywele, za ndani ya kinywa, za tumbo, na zile zenye kutengeneza damu. Dawa haichagui vizuri. Kwa hiyo nywele zinaanguka, kinywa kinapata vidonda, mutu anatapika, na damu inapunguka. Majuma tatu ya kungojea ni ya kuacha zile chembe nzuri zirudie. Kanseri yenyewe hairudie upesi sawa hizo. Njo maana ya zile siku 21.

Siku ya kwanza walimufunga seromu, ndani yake dawa moja nyekundu sawa juisi ya bisapi. Kesho yake mukojo wake ukatoka mwekundu. Nililia, nilizania ni damu. Ilikuwa rangi ya dawa tu, na kisha siku moja ao mbili ikaisha. Kama mutu angetuambia mbele, singelia. Basi ninawaambia ninyi.

Sasa nisikilizeni vizuri, hapa njo kiini cha neno langu.

Ilikuwa mara ya pili ya shimio, siku ya tisa. Alikuwa ametapika siku tatu za kwanza, kisha akapata nguvu, akala, hata akafagia kiwanja. Mimi nikarudia kazini kwa moyo mweupe. Magaribi nikamukuta amejifunika mablanketi mawili. Akasema: "Papa batoto, minasikia baridi mingi." Nikamugusa kwa paji la uso, ni moto. Nikamujibu: "Njo malaria ile, mvua inaanza." Nani kati yetu hangesema vile? Hapa Lubumbashi, mwili ukikuwa moto ni malaria. Kule Kala ilikuwa vilevile. Nikatuma mutoto kwa farmasi, nikamupa kinini za malaria na parasetamoli. Moto ukashuka, nikafurahi. Nikasema tutaenda opitali asubui, kwa maana usiku ni mbaya kutembea na umeme ulikuwa umekatika mutaa muzima.

Saa kenda ya usiku alikuwa anasema maneno yasiyo na maana. Alikuwa ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa. Mikono ilikuwa baridi, pumzi mbio mbio. Tulimubeba kwa taksi-moto, mimi nyuma nikimushika sawa gunia. Infirmie akaniuliza:

"Papa, ulimupima?"

"Nilimugusa na mukono."

"Mukono haiko termometri, papa. Moto ilianza saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili ya magaribi."

Hakunigombeza. Aliniangalia tu, kisha akakimbia kuita munganga. Walimupima malaria, haikuwa malaria. Walimupima damu, askari wa damu, zile chembe nyeupe zenye kupigana na vijidudu, walikuwa karibu wameisha kabisa. Vijidudu vilikuwa vimeingia ndani ya damu na hakukuwa mutu wa kuvizuia. Walimutia antibiotiki kwa mushipa. Siku tano hatukujua kama atabakia. Siku ya sita aliomba potopoto.

Munganga akanieleza: kati ya siku ya 7 na ya 14 kisha shimio, wale askari njo wako chini zaidi. Ni siku zile mutu anaonekana amepona kidogo, ametoka kwa matapishi, na sisi tunalegea. Siku zile homa si kitu cha kungojea asubui. Kipimajoto kikionyesha 38 ao zaidi, ni kwenda opitali saa ile ile, hata ni usiku, hata ni mvua, na kusema neno la kwanza mulangoni: "Mugonjwa huyu iko kwa shimio." Antibiotiki inatakiwa kuingia upesi, si kesho. Na hata kama wanakuta malaria kweli, ni lazima waangalie damu vilevile, kwa maana vitu viwili vinaweza kukuja pamoja. Na usimupe parasetamoli mbele ya kupima. Inashusha moto, inakuficha moto, na ugonjwa unaendelea chini yake. Mimi nilifanya kosa lile. Nililifanya kwa mapendo, lakini mapendo hayaonyeshe digri.

Tangu siku ile nilinunua vitu viwili: kipimajoto, ile tunaitaka termometri, na kaye ya kurasa 48.

Munakumbuka kadi ya posho ya kambi? Hakuna mutu alisahau siku yake, kwa maana kusahau ni kulala njaa. Kaye ile niliifanya sawa kadi. Kila ukurasa siku moja: siku ya ngapi kisha shimio, joto asubui na magaribi, alikula nini, alitapika mara ngapi, alienda choo ao hapana, dawa gani alimeza na saa ngapi. Siku ya 7 mupaka ya 14 nilizizungushia bic nyekundu. Kwa siku zile sikupokea kazi ya mbali, na telefoni ilikuwa na charge na unite kila usiku. Binti yangu mukubwa alijua kusoma termometri kunipita. Wakati wa mara ya nne, siku ya kumi, saa tano ya usiku, yeye njo alinishitua: "Papa, 38 na 4." Sikuuliza swali. Nikaita ndugu yetu mwenye gari, mumoja wa chama hiki, akakuja na pijama. Saa ile moja ilikuwa haijapita, seromu ilikuwa imefungwa. Siku nne, tukarudi nyumbani. Ugonjwa ni ule ule, bibi ni yule yule. Tofauti ni saa tisa ambazo mara ya kwanza nilizipoteza.

Kaye ile ilitusaidia vingine. Mbele ya kila shimio munganga anauliza: mara iliyopita ilikuwa namna gani? Mugonjwa amechoka, anasema "vizuri tu." Mimi nafungua kaye: alitapika mara 6 siku ya pili. Basi munganga akabadilisha dawa ya kuzuia matapishi, na mara ya tatu ilikuwa nafuu. Kutapika si lazima kuvumiliwa. Dawa ziko. Lakini wasipojua, hawatazitoa.

Sasa vitu vya nyumba, nitavisema haraka.

Mikono: kila mutu anayeingia kwetu alinawa na sabuni, hata muchungaji, hata mukwe. Mwenye kikohozi alisalimia kwa dirisha. Wengine walikasirika. Walirudi kupenda kisha.

Maji: tulichemsha yote ya kunywa, kwa maana ya kisima chetu siyaamini. Saladi mbichi tuliacha. Matunda tulimenya. Munkoyo aliipenda sana, lakini munganga alisema aingoje.

Chakula: siku tatu za kwanza harufu ya tomson na ya mafuta ilimufukuza. Nilikwenda kupika inje, kwa upande wa upepo. Alikula kidogo kidogo mara nyingi: potopoto na karanga, yai lililoiva vizuri, ndizi, kisha lengalenga na bukari laini. Usimulazimishe sahani kubwa. Sahani kubwa inamukatisha tamaa mbele ya kuanza.

Kinywa: vidonda vikitoka, asukutue na maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, mara nyingi kwa siku.

Mukojo na matapishi: siku mbili za kwanza dawa inatoka kwa mwili kwa njia ile. Vaa gants ya kusafishia, fua mashuka yake mbali na yale mengine. Lakini kumushika mukono, kumukumbatia, kulala naye kitanda kimoja chini ya mosikitero, hakuna shida. Kanseri haiambukize. Kwa mambo ya ndani ya ndoa, wanaume, musione haya kumuuliza munganga. Mwanamuke asipate mimba wakati wa dawa hizi.

Puari: ninajua tunaipenda. Tumbo likifunga tunatia maji ya tangawizi kwa nyuma. Wakati wa shimio, hapana! Kidonda kidogo tu kwa njia ile, vijidudu vinaingia, na askari hawako. Vilevile miti ya kunywa ya mashamba. Mama mukwe alileta ya kwake kwa mapendo. Nilimupigia magoti, nikasema: "Mama, tumuonyeshe munganga kwanza." Munganga alieleza kama miti mingine inachokesha ini wakati ini inafanya kazi na shimio. Mama alisikia, akabakia kuombea na kuosha vyombo. Vyote viwili vilitufaa.

Nywele zilianza kuanguka majuma mawili kisha dawa ya kwanza. Zilibakia kwa mto asubui. Aliniomba nimunyoe. Munajua kwetu mwanamuke kunyolewa ni kilio. Kesho yake jirani akaingia, akakaa chini, akauliza kwa sauti ya polepole: "Mama, mulifiwa na nani?" Bibi yangu alicheka mupaka machozi, kisha machozi yakaendelea bila kicheko. Siku ile nilishona vitambaa vitatu vya kichwa na vipande vya kitenge vilivyobakia dukani. Cha manjano njo kile munaona.

Dada zake walikuja juma la kwanza. Yaya yake aliniambia: "Shemeji, acha tumubebe kwetu. Hii kazi haiko ya mwanaume." Hakuwa na ubaya, ni desturi. Hata opitali, chumba kizima wachungaji wa wagonjwa walikuwa wamama, na mimi peke yangu na sahani na ndoo. Walinichekelea siku mbili. Siku ya tatu walinituma maji sawa mumoja wao. Nilimujibu yaya: "Njooni munisaidie hapa. Lakini siku ya kumi usiku ni mimi ninayejua kaye." Wakakuja kwa zamu. Wanaume, ninawaambia wazi: kumuosha bibi yako hakukupunguze. Alikuosha vidonda vya miguu wakati wa kukimbia kutoka Pweto. Alikuuliza kama ni kazi ya mwanamuke?

Lakini nisijifanye mutakatifu. Kuko usiku nilichoka mupaka nikamukasirikia, yeye mugonjwa, kwa sababu alimwaga potopoto. Nikatoka, nikakaa kwa bare mupaka saa sita. Niliporudi alikuwa amefuta mwenyewe, polepole, kwa mukono mumoja. Hatukusemezana. Kesho nilimueleza katibu wa chama hiki, kwa haya nyingi. Yeye hakunihubiri. Aliuliza tu: "Siku gani unalalaka?" Sikuwa na jibu. Kutoka pale, kila siku ya pili ya juma mama mumoja wa chama alikuja kukaa na bibi yangu tangu asubui mupaka saa nane, na mimi nililala ao nilishona. Hakuleta feza. Alileta siku.

Ninyi wenye kutoa, munaulizaka feza zenu zinafanya nini. Nitawaambia kwa nyumba yetu. Likelemba ya chama ilinipa zamu yangu mbele ya wakati, na ililipa shimio ya tatu. Mufuko wa musaada ulilipa usafiri na vipimo vya damu. Kisha shimio munganga alisema inahitajika mionzi. Kama wengi wa hapa, tulivuka Kasumbalesa kwenda Lusaka, kwa Cancer Diseases Hospital, karibu na opitali kubwa ya UTH. Opitali ile ilifunguliwa rasmi mwaka 2007. Mwaka ule sisi tulikuwa tungali Kala, tunangoja misafara ya kurudi. Hatukujua kama siku moja tutarudilia Zambia kwa ajili yake.

Mionzi yenyewe kila siku ni dakika kidogo tu, lakini ni kila siku ya kazi, majuma tano. Shida kubwa ni kulala wapi na kula nini. Hapo njo ukimbizi wetu ulitulipa. Kibemba tunakijua. Ndugu mumoja wa zamani wa Kala, aliyebakia kule na kuoa, alitupa chumba. Tulikwenda na kurudi bila deni la nyumba ya wageni. Vita ilitutawanya, lakini kutawanyika kule kumetuachia mulango wa kupiga hodi pahali pengi. Chama kiandike milango ile. Kisiache ikae katika vichwa vya wazee peke yake.

Kwa hiyo ninaomba chama mambo matatu, na ninayaomba mbele ya wapaji kusudi nao wasikie. Moja: termometri kwa kila kundi la mutaa, Katuba, Kenya, Ruashi, Kampemba na pengine, mutu mumoja aichunge na ajue kuisoma. Bei yake si kubwa. Mbili: majina ya wenye gari ao moto wanaokubali kuitwa usiku, yaandikwe, yabandikwe kwa mulango wa kila mugonjwa. Tatu: zamu ya siku kwa ajili ya anayechunga, si kwa ajili ya mugonjwa peke yake. Anayechunga akianguka, wote wawili wanaanguka.

Munauliza, bibi amepona? Banganga hawakusema neno lile. Walisema: sasa hatuone kitu, murudie kila miezi tatu. Mara iliyopita hawakuona kitu. Mwezi ujao tunarudia tena. Usiku mbele ya kwenda hatulalaka vizuri, hatutaficha. Lakini asubui anaamuka, anatia bukari kwa moto, anagombana nami juu ya chumvi. Nywele zimerudia, fupi na ngumu kuliko za kwanza. Kitambaa anakivaa sasa kwa kupenda.

Jana usiku nilimusomea neno hili lote. Nilipofika pahali pa siku ya tisa alinisimamisha. Akasema: "Usibaogopeshe, papa batoto. Baambie tu bapime."

Basi nimewaambia.